BARAZANI KWETU: Safari ya Tanga Pamoja na Marafiki



Kila shule zifungwapo, na khasa mwisho wa mwaka, hutufikia maswali ya namna moja kutoka kwa wazee wa nyumba mbalimbali. Mmoja huuliza: mwanangu na wenziwe wataka kutwaa mashua wavizunguke visiwa kwa siku tatu nne, je, nimpe ruhusa? Mwingine, mama wa watoto, husema kwamba tangu alipoletewa ombi hilo usingizi umempaa, maana kumkataza mwana aona uchungu, na kumruhusu aona khofu. Kwa hivyo tumeona vyema mwezi huu jambo hili liwe ndilo mazungumzo ya baraza yetu. Si jambo dogo. Ndani yake mna furaha, mna elimu, na mna roho za watu.

Jawabu yetu kwa ufupi ni hii: mpeni ruhusa, lakini msimpe kabla hamjamwuliza maswali mawili. La kwanza, nahodha wenu ni nani? La pili, mtaondoka maji yakiwaje? Ikiwa hana jawabu ya mawili hayo, basi safari yake haijawa tayari, ijapokuwa vyakula vimekwisha nunuliwa na marafiki wamekwisha kuagana. Maneno yetu yote yafuatayo ni ufafanuzi wa maswali haya.

Tutasema juu ya visiwa vya Lamu, kwa kuwa ndiyo bahari tuijuayo. Msomaji aliyeko Pangani, Kilwa au Pemba atapima mwenyewe kwa bahari yake, maana miamba na milango hutofautiana, lakini kawaida ya maji na pepo ni moja katika pwani yetu yote.

Maji na tarehe ya mwezi

Maji ya bahari hujaa mara mbili na hupwa mara mbili kwa kila mchana na usiku wake, na kila siku hukawia kuliko jana kwa kadiri ya dakika 50. Mwezi uandamapo, na tena utimiapo, maji huwa makubwa, nayo ndiyo bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, maji huwa madogo, nayo ndiyo maji mafu. Siku za bamvua, upande wetu wa Lamu, tofauti baina ya kujaa na kupwa ni kiasi cha mita 3, yaani karibu kimo cha watu wawili. Mahali ulipopita asubuhi huku umekaa juu ya maji, adhuhuri waweza kupapita kwa miguu, ukakanyaga tope na majani ya bahari.

Sasa tazameni neema iliyomo majumbani mwetu. Watu wengine hawana budi kununua kitabu cha hesabu ya maji. Sisi tunayo kalenda ya Hijra ukutani, ambayo twaitazama kwa ajili ya Ramadhani na siku kuu, na hiyo hiyo ndiyo daftari ya bahari. Iwapo leo ni tarehe mosi au tarehe 15, jueni kwamba maji hujaa kiasi cha saa kumi na nusu, ya alasiri na ya alfajiri, na hupwa kiasi cha saa nne na nusu, ya asubuhi na ya usiku. Ikiwa ni tarehe 8 au 22, mambo hugeuka: saa nne na nusu ndipo yajaapo, na alasiri ndipo yapwapo. Siku za katikati mtu huongeza dakika 50 kwa kila siku, akapata makadirio yamtoshayo kujua aondoke lini. Hesabu hii mtoto wa miaka 10 aweza kuishika kwa jioni moja, naye akishaijua hataisahau maisha yake yote. Twaona ni aibu kijana wa pwani kujua bei ya simu mpya na asijue leo maji yatajaa saa ngapi.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya wavuvi peke yao. Historia ya Lamu yenyewe iligeuka kwa maji kupwa. Katika vita vya Shela, kiasi cha mwaka 1812, jeshi la Pate pamoja na la Mazrui wa Mombasa lilishuka katika pwani ya Shela kuja kuiteka Lamu. Watu wa Lamu walipolirudisha nyuma, wale waliokimbilia vyomboni wakavikuta vyombo vyao vimekaa mchangani, kwa kuwa maji yalikuwa yamekwisha kutoka, na yasimuliwa kwamba wengi waliuawa pale pale pwani. Walikuwa mashujaa, na vyombo walikuwa navyo, lakini maji hayakuwangoja.

Upepo na majira yake

Baada ya maji ni upepo. Kaskazi huvuma tangu kiasi cha Disemba hata Machi, na bahari wakati huo huwa na utulivu. Kusi huanza mwezi wa Aprili, nayo hukaza katika Juni, Julai na Agosti, bahari ya nje ikachafuka hata wavuvi wengi wa vyombo vidogo wasitoke nje ya miamba. Baina ya kwisha kwa kusi na kuingia kwa kaskazi huja matlai, upepo wa upande wa mashariki, ulio mwororo kuliko wenziwe.

Chombo cha tanga hakiwezi kwenda uso kwa uso na upepo. Atakaye kwenda upande utokako upepo hana budi kubisha, yaani kwenda mshazari kwa upande huu kisha kwa upande ule, na kila ageukapo, foromali na tanga lake huhamishwa mbele ya mlingoti. Ni kazi ya watu wanaojuana, wenye kutii sauti moja. Kwa hivyo atokaye Lamu kwenda Pate na Faza wakati wa kaskazi atapata taabu ya kwenda na raha ya kurudi, na wakati wa kusi mambo ni kinyume chake. Matlai humfaa wa kwenda na wa kurudi, kwa kuwa humjia ubavuni. Nao vijana wetu wapendao kusafiri likizo ya Agosti na waambiwe wazi kwamba kusi bado ina nguvu. Wasitoke nje ya miamba. Njia ya ndani yawatosha, nayo ina mengi ya kutazamwa.

Nahodha mmoja

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na dini yetu imetufunza kwamba wasafiri hata wakiwa watatu tu, na wamfanye mmoja wao kuwa mkuu wao. Twataka kueleza maana ya jambo hili kwa mambo tuliyoyaona kwa macho yetu.

Miaka kadha iliyopita tulisafiri watu saba, mwisho wa Oktoba, wakati wa matlai. Katika sisi walikuwamo walimu wawili, karani mstaafu, seremala wa Matondoni, na mfanyabiashara mmoja ambaye ndiye mwenye mashua. Nahodha wetu alikuwa mvuvi wa Kizingitini, mtu asiyepata elimu ila ya chuo cha Kurani, naye alikuwa na kijana wa kumsaidia kazi ya tanga.

Siku ya kuondoka ilikuwa tarehe 16 ya mwezi. Saa mbili asubuhi mapipa ya maji na vyakula vilikuwa vimekwisha pakiwa, lakini bahari ilikuwa yapwa, nayo ingeendelea kupwa hata karibu na saa tano. Nahodha akasema hatuondoki kabla ya saa nane. Mwenye mashua hakuridhika, kwa kuwa alikuwa na miadi ya biashara huko Faza. Akasema: "Nahodha, chombo ni changu, nami nataka tuondoke sasa." Nahodha akamjibu kwa upole: "Chombo ni chako, bwana, lakini maji si yako wala si yangu."

Akatueleza njia mbili. Ya ndani ni Mkanda, mfereji mwembamba uliopo baina ya kisiwa cha Manda na bara, wenye mikoko huku na huku. Maji yakiwa madogo haupitiki. Ya nje ni kutokea mlango wa Shela, kukizunguka kisiwa cha Manda kwa upande wa bahari kuu. Akasema: "Saa hii maji yatoka kwa nguvu na upepo waingia kutoka baharini. Vikikutana mlangoni, wimbi husimama kama ukuta. Mimi siwapeleki huko." Basi tukakaa chini ya kivuli, tukapika kahawa, na yule tajiri akawa atazama saa yake kila punde.

Haukupita muda ikatupita mashua ya mashini yenye vijana kama kumi, wacheka na kuimba, waelekea Mkanda. Mwenye mashua alitutazama kana kwamba asema, mwaona? Nahodha hakujibu kitu.

Saa nane tukatweka tanga. Ndani ya Mkanda, ambako mikoko huzuia upepo, tukasaidia kwa upondo, na maji yanayojaa yakatuchukua. Katikati ya njia tukawakuta wale vijana. Mashua yao ilikwisha kuelea tena, lakini ilikuwa imekwama muda wa saa tatu, na katika kulazimisha kujitoa rafadha ilivunjika. Hawakuwa na tanga wala upondo, na maji ya kunywa yalikuwa yamekwisha. Mmoja wao, mdogo kuliko wote, alikuwa amelala chini, midomo imemkauka kwa jua. Tukawapa maji, tukawafunga kamba, tukawavuta hata nje ya Mkanda, na huko ikapatikana boti ya kuwarejesha Lamu.

Walipokwisha kwenda, nahodha alisema neno ambalo hatujalisahau: "Tope limewafunza kwa huruma. Mwamba wa nje haufunzi hivi." Yule mwenye mashua akavua saa yake akaitia mfukoni, na hatukumsikia tena kuuliza tutafika lini. Tulipofika Mtangawanda giza lilikuwa limeanza, na punde mwezi ukatoka juu ya mikoko.

Ndugu zetu, katika chombo kile mlikuwa na waliosoma kuliko nahodha, na waliokuwa na mali kuliko nahodha, na waliomzidi umri. Lakini kila mmoja alimwachia kazi yake. Tajiri aliyekubali kungoja ingawa chombo ni chake alifanya jambo gumu kuliko kushika usukani. Na marafiki wasioweza kufanya hivyo wasisafiri pamoja, hata wakipendana namna gani nchi kavu.

Yaonekanayo njiani

Tusije tukawatia watu khofu tupu. Safari hii ina manufaa makubwa, na atakayekwenda kwa adabu yake atarudi amesoma kitabu kizima.

Katika kisiwa cha Manda kuna magofu ya Takwa, mji ulioachwa na watu wake mwisho wa karne ya 17. Mfereji wa kufikia huko nao huingilika maji yakijaa tu, na akawiaye kutoka atafungiwa na tope hata maji ya pili. Katika kisiwa cha Pate, vyombo hushukia Mtangawanda penye kina, kisha mtu hutembea kiasi cha saa moja hata Pate mjini. Mji huu, ambao wafalme wake waliitawala sehemu kubwa ya pwani hii, na mafundi wake walisifika kwa kufuma hariri na kufua fedha, leo magofu yake yamesimama katika mashamba ya tumbaku. Kijana akisimama pale atajua bila ya kuambiwa kwamba utajiri huja na huondoka.

Kusini mwa kisiwa hicho ni Shanga. Uchimbuzi ulioanzwa mwaka 1980 na mtaalamu Mark Horton ulionyesha huko misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine kwa zama nyingi, na ya kwanza yao, iliyokuwa ya miti, ni ya karne ya 8. Na aonaye kwamba Uislamu katika pwani yetu ni jambo la jana, na apelekwe Shanga.

Siyu tuliingia kwa maji ya jioni, kwa kuwa mfereji wake nao ni wa mikoko na hukauka. Juu ya maji imesimama ngome ya karne ya 19. Mji huu ulikuwa wa wanavyuoni na waandishi wa misahafu, na misahafu iliyoandikwa huko kwa mkono katika karne ya 18 na 19 mingine ingalipo hata leo. Faza nayo, iliyobomolewa na Wareno mwaka 1587, ilijengwa tena na watu wake, na hata leo ni mji wenye pilikapilika. Mbele yake ni Kizingitini, mji wa wavuvi, kisha Ndau na Kiwayu.

Lakini hapa tuseme neno la tahadhari. Mwaka 2011 watu wenye silaha walishambulia mahali pa wageni huko Kiwayu, na upande ule wa mpaka haujaacha kuangaliwa na serikali. Kwa hivyo atakaye kupita mbele ya Kizingitini na aulize kwanza kwa wakuu wa usalama na kwa wenyeji, na akikatazwa asibishane.

Adabu za wenzi wa chombo

Chombo ni nyumba isiyo na mlango wa kutokea. Mkikasirikiana, hapana wa kwenda kulala kwa jamaa yake. Basi kila mmoja na ajue kazi yake tangu pwani: huyu wa kupika, huyu wa kufua maji ngamani, huyu wa kushika jarari. Maji ya kunywa yapimwe kwa idadi ya watu na yaongezwe ya siku mbili zaidi, kwa kuwa upepo huweza kukatika. Takataka zisitupwe baharini. Aibu ya mwenzi iliyoonekana chomboni, ya kutapika au ya kuogopa, isisimuliwe barazani baada ya kurudi.

Sala isiwe sababu ya kupuuzwa wala ya kuhatarisha. Awezaye kusimama atasimama, na aogopaye kuanguka kwa mrama wa chombo atasali amekaa. Kibla katika maji haya ni karibu na kaskazi barabara, kwa hivyo dira ya nahodha huonyesha njia zote mbili. Na wakati wa kugeuza tanga haukusanyiki na wakati wa kusali jamaa. Nahodha ndiye atakayesema lini.

Neno kwa wazazi

Kabla ya kutoa ruhusa, nendeni wenyewe pwani mkamwone nahodha, mkiangalie na chombo. Ulizeni kimekalafatiwa lini. Kila abiria na awe na jaketi la kuokolea, na alivae. Wala asiseme mtu kwamba yeye ni mwogeleaji, maana aliyepigwa na foromali kichwani haogelei. Wasizidi idadi ambayo chombo chaweza. Isikilizwe khabari ya hali ya hewa itolewayo na idara ya serikali, na simu iwekwe ndani ya mfuko usioingia maji. Mkubaliane siku ya kurudi, lakini mwambieni mwanenu waziwazi kwamba akichelewa kwa sababu ya maji au upepo hatagombezwa. Neno hili la mwisho tunalitilia mkazo. Vijana wengi huingia mlango mbaya kwa wakati mbaya kwa sababu ya kuogopa ghadhabu ya baba kuliko kuogopa wimbi. Kawia ufike, walisema wazee, na baba awe wa kwanza kulikubali.

Jambo jingine ni hili. Manahodha wa tanga wanapungua. Mashini imekuja, nayo ina faida zake, hatuikatai. Lakini mashini haikumfundisha mtu kutazama rangi ya maji akajua penye mwamba, wala kunusa upepo akajua kwamba utageuka. Elimu hiyo imo vifuani mwa wazee wachache waliokaa leo mbele ya nyumba zao huko Matondoni, Faza na Kizingitini, na haikuandikwa popote. Mpelekeni mwana kwa mmoja wao kabla hajapanda mashua na marafiki zake. Na akae naye siku chache, amchukulie kamba zake, amwulize. Akirudi kutoka kwa mzee huyo, mwulizeni tena yale maswali mawili: nahodha ni nani, na maji yakoje? Mtasikia jawabu tofauti na ya kwanza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wana wetu barani na baharini, awarejeshe majumbani mwao kwa salama, na awape umri wazee wetu waijuao bahari hata waifundishe. Na taufiki ni yake Yeye.

Wassalaam.